Siku tano, filamu 17 za kutisha: ukumbi umenidanganya, nataka kurudisha alama zangu

Popo wa Saa Sita (mleta uzi) #1

Wakuu, salaam.

Wiki mbili zimepita tangu nirudi kutoka tamasha la filamu za kutisha, mwaka wangu wa nne mfululizo. Mgongo umenyooka kidogo, usingizi umerudi, na daftari lipo hapa mbele yangu limejaa mwandiko ambao mwenyewe siusomi kwa sababu niliuandika gizani. Niliahidi kuwawekea uhakiki wa filamu zote 17 kama mwaka jana. Nikaanza, nikafika ya tatu, nikafuta zote.

Sababu ni hii. Jumamosi saa sita usiku niliona filamu moja, nikaipa 9/10 na kuituma humu nikiwa bado kwenye ngazi za ukumbi, moyo unadunda. Wengi mliisoma na wengine mmeahidi kuitafuta. Juzi nimetumiwa linki ya kuitazama tena, maana wanaoandika uhakiki hupewa wakati mwingine. Nikaitazama mchana, peke yangu, kwenye kompyuta.

Jamani. Ni ya 6. Tena 6 yenye huruma ndani yake.

Filamu haijapunguzwa hata fremu moja. Kilichopungua ni watu kama 400.

Sitazitaja kwa majina. Nyingi hazijapata msambazaji, na mbili zilionyeshwa kabla sauti na rangi hazijakamilika. Sitaki mtu azitafute mwakani akutane na hasira zangu za leo. Nitaziita kwa vilivyomo.

Hii ya 9 ni ile ya mkunga. Mkunga wa kijijini anaanza kusikia kilio cha mtoto siku tatu kabla mtoto hajazaliwa. Kilio kikikatika kabla ya uchungu kuanza, anajua. Basi. Nusu saa nzima hakuna damu, hakuna muziki, ni mama wa watu anapita nyumba hadi nyumba, anatega sikio kwenye matumbo, anatabasamu au hatabasamu. Ukumbi ulibana pumzi mpaka nikasikia kiti cha mtu kikilia safu tano mbele. Kisha anaingia nyumba ambayo hakuna mjamzito, anasimama, na kilio kipo. Anasogea, anaweka sikio ukutani. Jirani yangu, mtu nisiyemjua, akanishika mkono.

Hapo hapo jamaa mmoja nyuma yangu akacheka. Kicheko kirefu, cha peke yake. Ukumbi mzima ukapasuka nyuma yake. Sijamsamehe mpaka leo.

Lakini baada ya kile kicheko tulikuwa kitu kimoja. Filamu ingeweza kufanya lolote na sisi tungeshangilia, na kweli ilifanya lolote: ikaanza kujieleza, ikaleta kumbukumbu za utotoni, ikapiga mistuko mitatu ya mlango kugongwa kwa nguvu, na kila mara tukaruka, tukacheka, tukapiga makofi. Mchana, peke yangu, ile mistuko mitatu ilikuwa kama mtu anayenigonga bega kuniuliza kama bado nipo.

Upande wa pili kuna ile ya kanda za baba. Mwanamume anarithi sanduku la kanda za kaseti, baba yake marehemu amerekodi sauti yake kila usiku kwa miaka mingi, na kijana anaziandika kwenye karatasi moja baada ya nyingine. Nimeiona saa nne asubuhi baada ya kulala kwa muda wa saa tatu tu. Nilisinzia. Daftari linasema "4. Haiendi popote." Jana usiku nimeirudia nimezima taa. Kanda ya 31, baba anaacha kusema "mwanangu" na kuanza kusema "wewe unayeandika". Nilisimamisha nikaenda kuangalia kama mlango umefungwa. Hiyo ni 8, na niliwaambia watu wasipoteze muda nayo.

Kwa hiyo swali langu si dogo: uhakiki wa tamasha una maana gani?

Msidhani ni mimi tu. CinemaScore ni kampuni inayowapa watazamaji wa siku ya kwanza kadi wakitoka sinema, waipe filamu alama kuanzia A hadi F. The Blair Witch Project ilitikisa Sundance, tamasha la filamu la Marekani, Januari 1999, ikanunuliwa, na ilipofika kwa watu wa kawaida kadi zikasema C+. The Witch ilimpa Robert Eggers tuzo ya uongozaji palepale Sundance mwaka 2015, kadi, C-. Hereditary, Januari 2018, wahakiki wakatoka wamepauka wakiandika kwamba hawajaona kitu cha namna ile kwa miaka mingi, kadi, D+. Kuna pengo kati ya chumba kile na dunia, na sisi wahakiki tumesimama katikati tukiapa kwamba halipo.

Wauzaji wanalijua pengo hilo. Paranormal Activity ilionyeshwa Screamfest, tamasha la filamu za kutisha la Los Angeles, mwaka 2007. Ilipoingia sokoni 2009, trela yake haikuhangaika sana kuonyesha filamu. Ilionyesha ukumbi: watazamaji wamepigwa picha gizani, wanaruka, wanajifunika macho. Walikuwa wanauza sisi.

Karibuni.

---

KitiChaNyuma #2

Nimewahi siti. Endelea mkuu, huu uzi nina maslahi nao kuliko unavyojua.

---

Binti Giza #3

Mleta uzi, umemtoa samaki majini, ukampanga mezani, kisha unalalamika haogelei.

Nimetengeneza filamu fupi mbili, moja ikapita kwenye tamasha (silo hilo lako, nadhani). Dakika tisa. Siku ya kuonyeshwa sikukaa. Nilisimama nyuma kabisa, mgongo ukutani, na sikutazama skrini hata mara moja. Nilitazama mabega. Mabega ya watu hayajui kusema uongo. Kuna mahali nilipanga yapande, yakapanda sekunde mbili mapema, nikajua nimekata picha vibaya. Kuna mahali sikupanga chochote, kabati tu limefunguliwa, na safu nzima ikajikunyata. Mpaka leo sijui niliweka nini pale.

Ile ndiyo filamu niliyotengeneza. Niliitengeneza kwa ajili ya mabega yale. Iliyopo kwenye linki ni kumbukumbu yake. Sasa wewe unaniambia ukumbi "umedanganya" kwa sababu uliogopa ukiwa na watu na hukuogopa ukiwa na mwanga wa dirishani na simu pembeni? Filamu za kutisha ni kazi ya usiku na ya watu wengi. Mwaka 1959 William Castle alifunga vitetemeshi chini ya viti vya sinema kwa ajili ya The Tingler, tukio likifika kiti kinatetemeka chini yako. Watu humcheka hadi leo, lakini aliona kwamba kiti nacho ni sehemu ya filamu.

Kile cha kanda za baba nakupa haki. Ulikuwa na usingizi. Hilo si kosa la ukumbi, ni la ratiba yako.

---

Mti Mkavu #4

Mtu akushike mkono gizani halafu hamjuani. Hii chai mkuu.

---

Popo wa Saa Sita #5

Mti Mkavu, nenda mara moja tu, kisha urudi humu unitajie aliyekushika wewe.

Binti Giza, umenipiga pazuri. Ila nijibu hili: anayesoma uhakiki wangu hatakuwa na mabega 400. Ataiona nyumbani, miezi minane baadaye, pengine kwa vipande. Nimwandikie yeye au niwaandikie waliokuwepo?

---

Babu wa Reli #6

Vijana, ruhusuni mzee aingie.

Nimezunguka matamasha haya tangu wengine humu hamjazaliwa. Kosa la mleta uzi ni kusema "ukumbi" kana kwamba ni mmoja. Kila ukumbi una lafudhi yake. Brussels, tamasha lao la filamu za ajabu lipo tangu 1983, ukienda kimya utadhani umekosea mlango. Mwezi ukitokea kwenye skrini, ukumbi unabweka kama mbwa mwitu. Mhusika akiacha mlango wazi, mamia ya watu wanapaza sauti afunge. Mwongozaji akipanda jukwaani kuitambulisha filamu yake, wanamtaka aimbe kwanza. Filamu ya kimya ya mtu na kanda za baba yake ukiipeleka pale, Mungu aisaidie.

Fantasia ya Montréal, iliyoanza 1996, taa zikizimwa watu wanalia nyau kama paka. Ukiwa mgeni unashtuka kuliko utakavyoshtushwa na filamu yenyewe. Halafu nenda Sitges, Uhispania, wapo tangu 1968. Pale wanapiga makofi jina tu likitokea, wanapiga makofi mtu akikatwa kichwa vizuri, lakini filamu ikiwataka wanyamaze wananyamaza. Gérardmer, Ufaransa, mji wa milimani uliorithi tamasha la Avoriaz mwaka 1994, ni majira ya baridi na watu wamevaa makoti hadi ndani. Kuna namna ya kuogopa ukiwa umevaa koti.

Filamu ileile nimewahi kuiona katika kumbi mbili kati ya hizo. Kwanza ilikuwa kichekesho, pili ilikuwa msiba. Kwa hiyo andika uhakiki, lakini sema ulikaa wapi, saa ngapi, na watu gani. Wenzetu wanaoandika mechi husema kama mvua ilinyesha. Sisi tunaona aibu gani?

---

FundiSauti #7

Nilikuwa napita, lakini "kwenye kompyuta" imenisimamisha.

Mkuu Popo, hukuiona filamu mara ya pili. Umeona picha zake. Filamu za kutisha nusu yake, mimi nasema zaidi ya nusu, zimo kwenye sauti, na sauti hiyo imechanganywa kwa chumba kikubwa chenye spika mbele, pembeni, nyuma, na moja kubwa ya mngurumo. Sikio la mtu huanza kusikia karibu na mitetemo 20 kwa sekunde. Karibu na hapo na chini yake, unachopata ni kifua kuwa kizito bila kujua kwa nini. Spika za kompyuta hazikaribii huko hata kwa maombi. Ile nusu saa uliyosema "haina muziki" nina hakika ina kitu chini yake, na wewe mchana umekitoa chote kisha ukashangaa mistuko ya mlango imebaki peke yake.

Na filamu hiyo ya mkunga nadhani naijua. Nimeiona kwingine, ukumbi mdogo, watu hawafiki 60. Nikuulize kitu bila kumwaga mtama. Pale anapoweka sikio ukutani, kilio ulikisikia kinatoka wapi?

---

Popo wa Saa Sita #8

Kwenye ukuta, si ndiyo? Ameweka sikio ukutani.

Kwa ukweli sikumbuki vizuri. Pale ndipo yule jamaa alipocheka.

---

FundiSauti #9

Sawa. Nenda na hedifoni. Usiku. Sisemi zaidi.

---

Mgeni Mwoga #10

Samahanini wakubwa, swali la chini kidogo. Sijawahi kwenda tamasha lolote la hivi na mwaka huu nimeamua. Naogopa filamu hizi na nazipenda, msinicheke. Nijipange vipi? Na hivi mtu anapataje kile kitambulisho cha mwandishi wa uhakiki?

---

Popo wa Saa Sita #11

Mgeni, hakuna wa kukucheka. Asiyeogopa hana anachofuata mle ndani.

La kwanza, ratiba. Kwenye karatasi filamu tano kwa siku zinaenea. Mwilini hazienei. Ya nne unaanza kuupa alama mgongo wako, ya tano unaota. Mimi sasa nachukua tatu, na naacha nafasi moja wazi kwa ajili ya ile ambayo watu kwenye foleni wanaitaja kwa sauti ya chini. Foleni ndiyo katalogi ya kweli. Katalogi yenyewe soma sentensi ya kwanza ya muhtasari kisha funga, maana waandishi wake wana tabia ya kukusimulia hadi katikati.

Usiziruke filamu fupi. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu miaka miwili nilikuwa nazitumia kama muda wa kupumzika. Mwaka huu kitu kilichonitisha kuliko vyote kilikuwa cha dakika saba: lifti, wanawake wawili, mmoja anabonyeza ghorofa ambayo haipo kwenye vitufe. Hakuna maelezo. Wanaotengeneza filamu fupi hawana muda wa kueleza, na kueleza ndiko kunakoua nusu ya filamu ndefu za aina hii.

Kiti: katikati kwa upana, na kwa urefu kama theluthi mbili ya ukumbi kutoka kwenye skrini. FundiSauti atanisahihisha, lakini nasikia huko ndiko mafundi hupimia sauti. Ukijijua ni wa kutoka nje mara kwa mara, kaa pembeni kwenye njia. Kutoka si aibu.

Daftari: karatasi, maandishi makubwa, ukurasa mmoja filamu moja. Ukiwasha simu uandike, watu watakuzomea na watakuwa na haki. Mimi naandika mambo manne tu: nilipotamani kujua saa, ukumbi ulipobadilisha sauti, maneno ya mtu mmoja, na picha moja. Hadithi sihangaiki nayo, nitaikumbuka. Nisipoikumbuka hilo nalo ni uhakiki.

Kitambulisho: matamasha mengi hufungua maombi wiki nyingi kabla, yanataka linki za ulichowahi kuchapisha na mahali unapoandikia. Hawaangalii sana ukubwa wa mahali hapo, wanaangalia kama kweli unaandika. Ukipewa, soma masharti ya zuio. Filamu nyingine huruhusiwi kuchapisha neno hadi saa fulani, na ukivunja, mwakani hupati kitu.

Na maswali baada ya filamu, mwongozaji akiwa jukwaani: uliza swali. Kuna watu hushika kipaza sauti wakahutubia dakika nne kisha wakamalizia "unasemaje kuhusu hilo?" Mwongozaji aliyesafiri usiku kucha anabaki anatabasamu tu. Usiwe huyo.

---

Binti Giza #12

Hapo kwa maswali nimechekea moyoni. Mimi niliulizwa kama filamu yangu ni "sitiari ya teknolojia". Ni kabati.

---

Kimya Kingi #13

Niongeze la kutoka nje. Mimi ni kinyume na wahakiki kutoka kabla ya mwisho halafu waandike. Kuna filamu ya Kijapani ya Shinichiro Ueda ya mwaka 2017, One Cut of the Dead, imetengenezwa kwa yeni milioni 3 tu. Inaanza na dakika 37 bila kukata picha, na dakika hizo zina makosa, mwigizaji anakaa kimya bila sababu, kamera inaanguka. Mtu anayejiamini kwamba ameshaona filamu nyingi anatoka dakika ya 25. Siwaambii kinachofuata. Aliyetoka hana haki ya kuigusa kalamu.

La pili, habari za gari la wagonjwa. Mwaka 2016 filamu ya kwanza ndefu ya Julia Ducournau, Raw, ilipoonyeshwa Toronto kwenye maonyesho ya saa sita usiku, baadhi ya watazamaji walizidiwa hadi wahudumu wa afya wakaitwa. Dunia nzima ikaandika hilo. Nilipoiona nilikuwa nimejiandaa kwa machinjio, nikakuta filamu ya dada wawili wanaoumizana kwa sababu hawajui namna nyingine ya kupendana. Ina nyama, ndiyo, lakini niliharibiwa na kichwa cha habari. Miaka mitano baadaye huyohuyo akachukua tuzo kuu ya Cannes kwa Titane, na bado watu wakawa wanauliza ni wangapi waliotoka ukumbini. Popo, ukiandika "watu walipiga kelele", unafanya biashara ileile ya trela uliyoilaumu.

---

Popo wa Saa Sita #14

Kimya, hili limeniuma kwa sababu ni kweli. Nimerudi kwenye uhakiki wangu wa usiku ule. Sentensi nane. Tano zinahusu ukumbi. Moja inahusu mkono wangu. Mkunga anapata mbili.

---

Nuru #15

Nimesoma kimya siku zote, leo niseme.

Mimi nilifuata uhakiki wako Popo. Ile filamu ya mkunga ilirudiwa siku ya mwisho ya tamasha, nikaenda kwa sababu uliandika 9. Nilipoteza mtoto akiwa tumboni miaka mitatu iliyopita. Hukuandika popote kwamba filamu inahusu hilo. Uliandika "kilio kabla ya kuzaliwa", nikadhani ni mzimu. Nilikaa dakika 20, nikatoka, nikakaa ngazini.

Sikulaumu. Sitaki pia kila filamu ianze na orodha ya tahadhari. Ila kati ya zile sentensi tano za ukumbi, moja ingenitosha.

---

Popo wa Saa Sita #16

Dada Nuru, pole sana. Na nisamehe.

Nilijiambia kwamba nikisema ni filamu ya wanaopoteza watoto nitakuwa nimemwaga mtama. Sasa nikiitazama, dakika kumi za kwanza zinasema wazi, si siri ya mtu. Nilikuwa nalinda mshangao ambao filamu yenyewe haiulindi. Nimerekebisha uhakiki ule, sentensi ipo juu kabisa.

---

Nuru #17

Nimeiona. Asante. Siku moja nitaimalizia, mchana, na dirisha wazi. Binti Giza anisamehe.

---

Binti Giza #18

Dada, funga hata sauti ukitaka. Nafuta nusu ya niliyosema huko juu, nusu nyingine nabaki nayo.

---

KitiChaNyuma #19

Haya. Nimevumilia kurasa nzima.

Jumamosi, saa sita usiku, safu ya tatu kutoka nyuma, kushoto. Aliyecheka ni mimi.

Kabla hamjanipiga mawe: sikucheka kwa sababu kilichekesha. Nilikuwa nimeshikilia kitu kifuani tangu filamu ianze, na alipoweka sikio ukutani kikatoka. Kingeweza kutoka kama ukemi. Kikatoka kama kicheko. Nilijiziba mdomo, nikashindwa. Nilipowasikia wote mnacheka baada yangu nilijisikia nimefanya dhambi, na wakati huohuo nilijisikia salama kwa mara ya kwanza usiku ule. Sikurudi tena kuogopa. Ile filamu kwangu iliishia pale, zilizobaki zilikuwa picha tu.

---

Mti Mkavu #20

Sasa naamini hata ile ya mkono.

---

Babu wa Reli #21

Mwanangu, nimecheka hivyohivyo nikiwa na miaka kama yako. Mke wangu marehemu alihama kiti.

---

Popo wa Saa Sita #22

KitiChaNyuma!! Mwaka mzima utanisikia.

Lakini wakuu, kaeni chini. Jana usiku nimefanya alivyosema FundiSauti. Taa zimezimwa, hedifoni, simu chumba kingine. Atakayeiona filamu hii aruke aya inayofuata.

Nusu saa ya kwanza kweli ina kitu chini yake, mngurumo mdogo sana, unakuja na kuondoka kama pumzi. Kila akitega sikio kwenye tumbo la mtu, kilio kinasikika upande, kushoto au kulia, pale tumbo lilipo. Kila mara. Halafu nyumba ile isiyo na mjamzito. Anasogea, anaweka sikio ukutani, ukuta uko kushoto kabisa kwa picha. Nikasubiri kilio kitoke kushoto. Hakikutoka kushoto. Kilikuwa katikati, pale inapokaa sauti yake mwenyewe akiongea. Kilio kinatoka kwake. Anatafuta ukutani kitu alichokibeba. Na anapojua, anasema neno moja kwa sauti ya chini, "bado", na neno hilo sikulisikia usiku ule kwa sababu watu 400 walikuwa wanacheka, na sikulisikia mchana kwa sababu spika zangu zimebanana kama vidole viwili.

Zile kumbukumbu za utotoni nilizosema filamu "inajieleza"? Haijielezi. Anatafuta ni lini alianza kuibeba. Mistuko ya mlango bado siipendi. Mitatu ni mingi.

---

FundiSauti #23

Karibu. Kwenye ukumbi wetu wa watu 60 hakuna aliyecheka. Neno lile lilisikika mpaka safu ya mwisho, na bibi mmoja mbele yangu akajibu kwa sauti, "jamani".

---

Mgeni Mwoga #24

Kwa hiyo sasa ni ngapi? 9 au 6?

---

Popo wa Saa Sita #25

Alama nimefuta zote mbili. Naandika upya, nitaeleza pia nilikaa wapi na saa ngapi kama Babu alivyosema. Namba nitaiweka nikimaliza, au nisiiweke.

---

KitiChaNyuma #26

Kwa hiyo nilikuharibia filamu kweli.

---

Popo wa Saa Sita #27

Kweli kabisa. Mwakani kaa mbele yangu nikuone.